Kupe Hawajastaafu

Kwanza vueni hizo soksi nyeusi. Mtu wa kupe huvaa soksi nyeupe, akazivuta juu ya suruali hadi karibu na magoti, na hajali nani anacheka. Kwenye soksi nyeusi kupe hupanda mpaka akafika anakotaka kabla hujajua kwamba una mgeni. Kwenye nyeupe unamwona angali kifundoni, unamshika kwa kibano, unamtia kwenye kichupa cha spiriti, na kazi inaendelea. Nimechekwa kwa ajili ya soksi hizi tangu nilipoajiriwa hadi nilipostaafu. Bado nazivaa, na anayetaka kucheka acheke.

Naitwa Nekesa, ila hapa mtaani Jericho, Nairobi, ni wachache wanaonijua kwa jina hilo. Mimi ni Mama Kupe. Miaka yangu yote ya kazi nilikuwa mkusanyaji wa kupe katika idara ya mifugo. Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza: unatafuta kupe juu ya ng'ombe, mbuzi, mbwa, watu na nyasi, unawachukua, unaandika kwa penseli umewatoa wapi, kisha unaangalia ni wa aina gani. Kwa penseli, nasema, maana wino ukikutana na spiriti unayeyuka wote. Ukishajua aina ya kupe, unajua anapenda kunyonya nani, anaishi wapi na anaweza kuleta ugonjwa gani. Nasikia sasa mmeajiriwa nyinyi vijana, na mtaanza na mitaa hii yetu ya Eastlands. Vizuri. Basi kaeni mnisikilize, kwa sababu yapo mambo ambayo hamkufundishwa darasani, na mengine mlifundishwa lakini mkifika mtaani mtaambiwa mnyamaze. Mimi sikunyamaza.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Musyoka, mtu mfupi kutoka Machakos aliyezoea kusema na kupe kama anasema na watoto watundu. "Unaenda wapi wewe? Rudi hapa!" Yeye ndiye aliyenipa kitambaa changu cha kwanza cha kuvuta. Si shuka. Shuka ni laini mno, kupe hapati pa kushika. Kitambaa cha kazi hii ni cheupe, kina vinyoya kama blanketi ya mtoto mchanga, na upande mmoja kimeshonewa mpini wa ufagio wenye kamba. Unakivuta polepole juu ya nyasi. Kupe mwenye njaa hukaa kwenye ncha ya jani, miguu ya mbele ameinyoosha, anangoja kitu chenye joto kipite. Kitambaa kikimgusa anakidaka akidhani ni mnyama. Unatembea kidogo, unakigeuza, unakikagua, unaendelea.

Musyoka alituonya tusikifue kwa sabuni ya manukato. Mwenzangu mmoja hakusikia. Alikifua kwa sabuni yenye harufu ya maua, akakianika, akakipiga pasi, akazunguka nacho uwanja mzima asubuhi nzima na kurudi na panzi mmoja. Musyoka alikinusa kile kitambaa, akamtazama. "Hiki ulikuwa unakipeleka harusini?" Yule mwenzangu aliitwa Bwana Harusi mpaka alipohamishwa.

Mimi nilitiwa matatani na kitambaa hicho kwa namna nyingine. Mara ya kwanza nilipokivuta kwenye uwanja wa hapa Jericho, mmoja wa vijana waliokuwa wamekaa ukutani akaniita.

"Niaje mathe! Hiyo sanda ni ya nani?"

"Ni yako," nikamjibu, "ukiendelea kulala kwenye nyasi na hiyo kaptura."

Wenzake walicheka mpaka mmoja akaanguka kutoka ukutani. Aliyeuliza alinuna, lakini wiki iliyofuata ndiye aliyekuwa wa kwanza kuniletea kupe, amemfungia kwenye kifuniko cha soda.

Jambo lingine la kushika: kupe ana anwani. Ukiletewa ng'ombe usianze kumpapasa ovyo. Tazama ndani ya masikio, hapo anakaa kupe wa kahawia, yule anayeleta ndigana kali inayomaliza ng'ombe wa watu. Inua mkia, chini yake utamkuta mwenye miguu myekundu. Pita kifuani na kwenye kiwele, yupo yule mkubwa mwenye madoa ya rangi, mzuri wa kutazama, lakini ana mdomo mrefu na akikuuma utamkumbuka. Mbavuni na shingoni ni wale wa bluu, ambao wakishapanda ng'ombe mmoja hawahami mpaka washibe ukubwani. Kwa mbwa, anza na masikio na shingo, kisha ushike mguu na kupanua vidole kimoja kimoja. Watu wengi husahau vidole, na huko ndiko kupe wadogo wanakojificha.

Idarani kwetu waliamini Eastlands haina kupe. Kule ni lami na ghorofa, walisema, nendeni kwenye mashamba. Nami niliamini hivyo hadi nilipotumwa Kayole. Nilitegemea kupata wachache kwenye mbuzi wanaokula maganda kando ya Spine Road, na kweli niliwapata wachache. Lakini kupe wenyewe niliwakuta juu kabisa ya jengo la kupangisha, kwenye paa wanakoanika nguo. Mwenye nyumba alikuwa amefunga mbwa wawili huko walinde matangi ya maji. Wale mbwa hawakuwa wamekanyaga udongo tangu waletwe wakiwa wadogo, na masikio yao yalikuwa yamejaa. Kupe wa mbwa hana haja ya nyasi. Anashiba, anaanguka, anapanda ukuta, anaingia kwenye ufa na kutaga mayai humo, na watoto wakitoka wanamngoja mbwa palepale.

Wapangaji wa ghorofa ya chini yake walikuwa wamepuliza dawa ya kunguni mara nyingi bila mafanikio. "Hizi kunguni za hapa zimekuwa sugu," mama mmoja alinilalamikia. Nikamwekea mmoja kwenye kifuniko cheupe, nikamwambia kunguni ana miguu sita, hebu hesabu ya huyu. Akahesabu nane. Akarudia, akapata nane, akaniangalia kana kwamba mimi ndiye niliyemwongezea miwili.

Tena msidhani kila kupe anayepatikana mtaani ni wa mtaani. Siku moja sokoni Muthurwa, mama mmoja muuza mitumba aliniita kando kwa aibu. Alikuwa na kitu nyuma ya goti. Nilipokitoa nikaona yale madoa ya rangi mgongoni. Huyo hakai mjini, anataka ng'ombe na nyasi ndefu.

"Mama, umetoka nyumbani juzijuzi?"

"Ehe, tulikuwa tunazika shemeji. Umejuaje?"

"Mgeni wako ameniambia."

Sisi watu wa magharibi tukienda matanga tunakaa kwenye nyasi siku nzima, tunalia, tunakula, tunalala hapohapo, kisha tunapanda basi kurudi Nairobi. Na kupe naye anapanda. Tangu siku ile, mtu akiniletea kupe, swali langu la kwanza ni amezika nani.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nikubali kuzungumza nanyi. Nilikuwa nimeshastaafu. Kibano cha serikali nilikirudisha, nikanunua changu. Mwenyekiti wa kamati ya wakazi hapa kwetu ni Mzee Njoroge, seremala wa zamani, mtu wa sauti nzito ambaye akikohoa mtaa mzima unajua yuko nje. Ana mjukuu aitwaye Shiro, aliyekuwa ndiyo kwanza ameanza shule, na huyo mtoto ndiye roho yake. Shiro akashikwa na homa. Nyumbani wakadhani malaria, wakadhani taifodi. Homa haikushuka, kichwa kikamuuma akawa hataki hata mwanga wa dirisha, vipele vikatoka mpaka kwenye viganja. Akalazwa. Siku hiyo mama yake, akimfumua nywele, akakuta nyuma ya sikio kidonda kidogo chenye kigaga cheusi, na karibu yake kupe angali ameng'ang'ania. Alimtoa, akamtia kwenye kibiriti, akaja mbio kwangu.

Nilimtazama kwa kioo cha kukuzia. Wa kahawia, mwembamba, mgongo mtupu bila doa. Kupe wa mbwa. Nilimwambia mama Shiro arudi na kile kibiriti, amwonyeshe daktari kidonda na kupe mwenyewe. Daktari alimsikiliza vizuri na kubadilisha dawa. Mtoto alianza kupata nafuu polepole, lakini kwa siku kadhaa hakuna aliyekuwa na hakika, na babu yake alizidi kukonda machoni petu.

Mzee Njoroge alinijia mlangoni.

"Ni kupe ya nini hiyo?"

"Ya mbwa, Mzee."

Hakuuliza lingine. Jioni hiyo kamati ikakaa, ikapitisha kwamba Jumamosi mbwa wote wa upande wetu watatupiwa nyama yenye sumu. Upande wa nyuma ya soko walikuwa wameshawaua wa kwao wiki chache kabla, kwa sababu ya kelele, nasi tukaonekana tumechelewa. Mbwa wenyewe wengi ni wa kuzurura, lakini wawili wana mwenyewe. Ni Bosco na Popi, mbwa wa Barasa, askari wetu wa usiku. Barasa hana bunduki wala kingine cha maana. Ana rungu, tochi na hao mbwa, na tangu waje hakuna tena aliyevunjiwa nyumba.

Nilipopata habari nilikasirika. Mimi ndiye niliyesema ni kupe wa mbwa. Nilisema kweli, nao wakaichukua kweli yangu na kuitia sumu. Wangeua mbwa kwa neno langu, na bado wasingeokoa mtoto hata mmoja. Kwa maana kupe walio juu ya mbwa ni wachache tu. Wengi wako ukutani, kwenye nyufa za nyumba hizi za kanjo, za baraza la jiji, ambazo zilijengwa kabla mimi sijaja Nairobi. Wanamngoja mbwa. Mbwa asipokuja wanangoja kidogo, njaa ikizidi wanatoka kufuata joto lolote na pumzi yoyote. Na katika nyumba hizi watoto wetu wanalala kwenye magodoro sakafuni.

Nilikwenda kwenye mkutano wa kamati bila kualikwa, nikasimama.

"Mkiua mbwa," nikasema, "kupe watakula nani?"

Mzee Njoroge hakuniangalia. "Mama Kupe, si ni wewe ulisema ni kupe ya mbwa?"

"Ni mimi."

"Basi tunatoa mbwa. Shida iko wapi?"

"Shida iko ukutani, Mzee. Mbwa tukimwogesha dawa kila wiki na kumwacha alale palepale anapolala, kupe wote wa ukutani watamwendea yeye, wafie juu yake. Atatusafishia mtaa. Mkimuua mnafungua mlango watuingilie sisi."

"Wewe ulistaafu. Hiyo si kazi yako tena."

"Mimi nimestaafu. Kupe hawajastaafu."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. "Mtoto wangu yuko hospitali," akasema, na sauti ile nzito ikawa ndogo kabisa, "na nyinyi mnacheka." Mzee alikuwa na haki ya kuumia.

Kisha mmoja nyuma akasema kwa sauti ya kusikika, "Anamtetea Barasa juu ya kuwa ni mtu wa kwao."

Hilo liliniwasha. "Barasa ni Mbukusu kama mimi, sikatai," nikasema. "Haya, niambie. Popi ni kabila gani?"

Nilijua maneno hayatanifikisha popote. Basi nikawaambia: Jumamosi asubuhi, kabla ya hiyo nyama kutupwa, tukutane nyuma ya soko, kwenye kibaraza ambapo mbwa wa huko walikuwa wakilala. Nikishindwa kuwaonyesha kupe wakimfuata mtu, nitawafunga Bosco na Popi kamba kwa mkono wangu na kuwaleta. Barasa alikuwa amesimama mlangoni. Alinitazama kama mtu aliyepigwa kofi na mama yake mzazi.

"Mama, hata wewe?"

Nilimpita mlangoni, nikaenda kutafuta kitambaa changu.

Jumamosi ikaja na baridi ya Julai, ile ya Nairobi inayoingia mpaka kwenye mifupa. Nyinyi mnajua maana yake. Baridi humfanya kupe kuwa mvivu, anajikunja kwenye ufa wake na hataki habari za mtu. Nilikuwa nimeweka uhai wa wale mbwa kwenye asubuhi mbaya kuliko zote, na sikuwa na njia ya kurudi nyuma. Kamati yote ilikuja. Na kina mama wa kanisa walikuja, maana walikuwa wakipita kwenda kuwaona wagonjwa na kumwombea Shiro. Barasa alikuja na rungu lake, bila mbwa. Mzee Njoroge alivaa koti refu jeusi na viatu vyake vya Jumapili, kwa sababu kutoka hapo alikuwa anakwenda hospitalini. Kijana mmoja wa kamati alishika mfuko wa plastiki, na sote tulijua ndani yake kuna nini.

Nilitandaza kitambaa changu cheupe kwenye sakafu ya kibaraza. Nikaweka kigoda katikati, nikakaa, nikavuta soksi zangu nyeupe juu ya suruali.

"Sasa?" mwenye mfuko akauliza.

"Sasa mimi ndiye mbwa," nikasema. "Tungoje."

Tulingoja. Hakuna kilichotoka. Mmoja akaanza kupiga miayo, mwingine akatazama simu. Baridi ilinipanda kutoka kwenye sakafu hadi mgongoni, na macho yangu yakauma kwa kutazama zile nyufa. Mzee Njoroge alishika kofia yake mkononi, akaitazama barabara. Niliona ameshaamua kwamba nimeshindwa.

Hapo nikamkumbuka Musyoka. Alizoea kupulizia kitambaa pumzi yake kukiwa na baridi, mashavu yamemvimba kama mpiga tarumbeta, nasi tulikuwa tukimcheka. Kupe anajua pumzi. Kwake pumzi ni harufu ya chakula. Lakini pumzi ya mwanamke mmoja mzee kwenye kibaraza chenye upepo ingefaa nini?

"Njooni karibu," nikawaambia wote. "Simameni hapa ukutani, mnizunguke. Halafu muimbe."

"Tuimbe?" mwenye mfuko akashangaa. "Mathe, uko sawa kweli?"

"Niko sawa. Imbeni chochote mnachoimba Jumapili. Mimi nataka pumzi."

Kina mama wa kanisa walitazamana, lakini mama wa kanisa haombwi mara mbili kuimba. Mmoja akaanzisha, wengine wakaitikia. Wale wa kamati waliimba kwa kunong'ona kwanza, kwa aibu, halafu aibu ikawatoka. Barasa akaingia na sauti yake ya Bungoma. Mzee Njoroge alisimama tu. Kisha wimbo ulipofika mahali panapoomba mgonjwa aponywe, nikasikia besi inatoka nyuma yangu, ile sauti nzito ikitikisa mabati ya kibaraza. Aliimba macho ameyafumba. Hakuwa anamwimbia kupe, hilo nalijua, alikuwa anamwimbia Shiro. Na mimi pale kwenye kigoda nilimwombea vilevile.

Wa kwanza alitoka kwenye ufa chini ya mlango. Alisimama ukingoni mwa kitambaa, akainua miguu ya mbele akionja hewa, akaanza kutembea. Wa pili akatoka pembeni mwa nguzo. Halafu wakatoka kama ufuta uliomwagika, wa kahawia juu ya cheupe, wakubwa na wadogo, wote wakielekea kwenye soksi zangu. Wimbo ulikatika. Mama mmoja akapiga kelele na kupanda juu ya ngazi. Yule mwenye mfuko alirudi nyuma mpaka akagonga ukuta, akakumbuka ukuta ndiko wanakotoka, akaruka tena mbele.

"Hawa ni kupe wa mbwa," nikasema. "Haya, mnaona mbwa hapa?"

Mzee Njoroge hakusogea. Alisimama mrefu katika lile koti, akitazama sakafu, na uso wake haukunionyesha kitu.

"Hao wanakufuata wewe," akasema hatimaye. "Sisi hawajatugusa."

"Mzee," nikamwambia, "vua soksi."

Zilikuwa nyeusi. Alinitazama, nikadhani ataondoka. Kisha akajishika kwenye nguzo, akavua kiatu, akateremsha soksi polepole. Juu ya kifundo, kwenye ngozi ya mzee wa watu, mmoja alikuwa ameshainamisha kichwa. Nilitoka kwenye kigoda, nikapiga magoti, nikamshika kwa kibano karibu kabisa na ngozi na kumvuta moja kwa moja bila kumzungusha, kama ninavyowafundisha nyinyi mfanye. Nilimtia kichupani.

"Alikuwa ameanza kunyonya?" akauliza.

"Alikuwa anaanza."

Akavaa soksi yake. Akamwendea yule kijana, akachukua mfuko, akanipa mimi. Hakuniambia pole wala asante, na sikuhitaji. Alikwenda zake hospitalini.

Tangu wiki ile tunaogesha mbwa kila Jumamosi, wa Barasa na wale wa kuzurura tunaoweza kuwashika, kwa dawa ya mbwa kutoka agroveti, duka la dawa za mifugo, tukipima kama chupa inavyosema. Nyufa tunaziziba kwa simenti. Kupe wamepungua. Hawajaisha, na atakayewaambia wameisha mwulizeni amewatafuta kwa kitambaa gani. Mitaa mingine bado inatupa nyama yenye sumu. Nikisikia, nachukua kigoda changu na kitambaa, nakwenda. Nimefukuzwa mara kadhaa. Mahali pengine nimeitwa mchawi. Mwenye nyumba mmoja Kayole aliniambia nitoke kabla hajaita polisi, nikamwambia awaite wengi, maana nahitaji pumzi.

Nyinyi mna simu zinazopiga picha nzuri kuliko kioo changu. Zitumieni. Lakini mtafika mahali mtaje jina la kupe, halafu mtu mwenye hasira au hofu alichukue jina hilo na kwenda kufanya jambo la kijinga. Wakubwa wenu watawaambia kazi yenu imeisha, mmeshataja aina, pandeni gari. Msipande. Neno ni lenu, kaeni mwone linafanyiwa nini.

Shiro alitoka hospitalini mchana wa jua. Mama yake alimshusha kwenye pikipiki, mwembamba, kofia ya sufu kichwani, na kabla hajafika mlangoni Popi akamwona. Wale walikuwa marafiki kabla ya ugonjwa. Popi akaja mbio mkia ukipiga huku na huku, na uani kila mtu akakauka. Mama Shiro akamvuta mtoto nyuma yake. Barasa akaita, "Popi! Popi, rudi!" lakini nani anamsikia.

Mzee Njoroge akasimama katikati. Popi akasimama naye. Mzee akakunja suruali, nikaona amevaa soksi nyeupe mpya, zimevutwa hadi juu. Akainama, magoti yakalia. Akafunua sikio moja la Popi, akatazama ndani, akafunua la pili. Akapitisha mkono shingoni. Kisha akainua mguu wa mbele na kupanua vidole kimoja kimoja, bila haraka, akashika mwingine, hadi yote minne.

Akasimama, akasogea kando.

"Mwache apite," akamwambia mama Shiro.